XGecu T48 mezani Tanga: kichomeo cha romu kwa wenye Spectrum na Commodore

Romu, yaani chipu inayobeba programu ya kudumu, ya kompyuta ya zamani kama ZX Spectrum au Commodore 64 ikifa hapa Tanga, hakuna duka la kuinunua. Mafundi wa redio na simu wa Ngamiani wana mikono mizuri ya kuchomelea, lakini chipu yenyewe hawana, na hakuna kitu ndani ya redio au simu kinachoweza kukaa mahali pake. Inabidi kuichoma mwenyewe, yaani kuiandikia programu chipu tupu. Kwa kazi hiyo tunakipendekeza kichomeo cha XGecu T48. Tutasema kwa nini, tutasema pia kinakwamia wapi, na tutakaa kidogo kwenye makosa ambayo si ya kichomeo ila hicho ndicho kitakacholaumiwa.

Kompyuta hizi ni chache huku kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katazo hilo lilidumu miaka mingi, yaani lilikuwepo tangu kabla Spectrum na Commodore 64 hazijaanza kuuzwa mwaka 1982. Zilizopo leo zimekuja baadaye, ndani ya masanduku ya ndugu waliorudi. Kila moja iliyo hai inastahili kutunzwa, na kuitunza huanza kwa kuisoma romu yake wakati bado inasomeka.

T48 ni kisanduku kidogo cha plastiki chenye soketi ya pini 48 yenye mkono wa kubana, na hupata umeme kwenye waya wa USB tu. Kwa kawaida hununuliwa chini ya dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Huuzwa peke yake au pamoja na rundo la adapta za chipu bapa. Adapta hizo ziache. Romu za kompyuta tunazozizungumzia zina miguu mirefu ya pini 24 au 28, na zinaingia kwenye soketi moja kwa moja. Pesa ya adapta nunulia chipu.

Tunakichagua kwa sababu ya volti. Chipu ya EPROM, romu inayofutika kwa mwanga kupitia dirisha lake la kioo na kuandikwa upya, husomwa kwa volti 5, lakini kuiandika kunahitaji msukumo mkubwa zaidi, na ukubwa huo hutofautiana kwa umri wa chipu. Kwa chipu za Intel mpangilio ni huu: 2716 inataka volti 25, 2732 volti 25, 2732A volti 21, 2764 volti 21, 2764A volti 12.5, 27128 volti 21, 27128A volti 12.5. Kichomeo cha kabla yake, TL866II Plus, ambacho bado kinauzwa sana, kinaishia volti 18. Maana yake chipu zote za volti 21 na 25 kinazisoma lakini hakiwezi kuziandika. T48 inafika volti 25. Mwenye kopo la EPROM zilizong'olewa kwenye mitambo ya zamani, na makopo kama hayo yapo kwa mafundi wengi, ataona tofauti siku ya kwanza.

Tazama tena ile herufi A mwishoni mwa namba. Ndiyo inayoua chipu nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukiichagua 2764 kwenye orodha ya programu ya kichomeo wakati mkononi una 2764A, kichomeo kitatii na kuipelekea volti 21 chipu iliyoumbwa kwa 12.5, na haitarudi. Ukikosea kwa upande mwingine hakuna kinachoungua: uandishi hautashika, na uhakiki utakataa kuanzia baiti za mwanzo. Kwa hiyo kama maandishi ya chipu yamefutika, anza na volti ndogo. Na jina la mtengenezaji nalo lichaguliwe sawasawa, kwa sababu TMS2716 ya Texas Instruments si 2716 ya Intel. Hiyo inahitaji umeme wa aina tatu, 5, 12 na hasi 5, na T48 haiwezi kuitumikia. Inayolingana na 2716 kwa Texas ni TMS2516. Vivyo hivyo TMS2532 na 2732 zina ukubwa mmoja lakini miguu yao imepangwa tofauti.

Soma kwanza, choma baadaye

Romu ya kiwandani haina dirisha la kioo wala haiandikiki, na T48 haina jina lake kwenye orodha. Kwa romu ya Spectrum 48K, yenye pini 28 na kilobaiti 16, chagua 27C128 na utumie amri ya kusoma peke yake. Kabla ya kubofya, ondoa alama kwenye kisanduku cha kukagua kitambulisho cha chipu. Hili si jambo dogo. Kitambulisho cha EPROM husomwa kwa kupeleka takriban volti 12 kwenye mguu wa anwani A9, na romu ya kiwandani haikuandaliwa kupokea kitu kama hicho. Unaweza kuiua chipu kwa kujaribu kuisalimia.

Pini ya 1 ikae upande wa mkono wa soketi, na chipu isogezwe mpaka juu, si katikati. Soma mara tatu, kila mara ukiitoa na kuirudisha, kisha linganisha mafaili. Yakitofautiana, tatizo ni uchafu wa miguu: isugue kwa raba ya penseli, ifute kwa spiriti safi, iache ikauke. Ukipata FF tupu (FF ni heksa, hesabu ya tarakimu 16, kwa baiti isiyoandikwa), usikimbilie kusema imekufa. Baadhi ya romu za kiwandani zina mguu wa kuchagulia chipu unaofanya kazi kinyume na wa EPROM, na kichomeo hakiwezi kuliona hilo.

Faili nzuri ya Spectrum ina baiti 16384 na huanza na F3 AF 11 FF FF C3 CB 11, ambayo ni amri ya kuzima vikatizo na kufuatiwa na kuruka kwenda anwani 11CB. CRC32 yake, namba ya kuhakiki faili zima, ni DDEE531F. Kwa Commodore 64, BASIC (lugha ya programu) namba 901226-01 inatoa F833D117, KERNAL (programu ya msingi ya mfumo) namba 901227-03 inatoa DBE3E7C7, na romu ya herufi namba 901225-01 inatoa EC4272EE. Ziandike mahali. Zikilingana, romu yako ni nzima, na kama mashine bado haiwaki, tafuta kwingine.

Na mara nyingi ni kwingine. Spectrum inayoonyesha mistari au weupe mtupu hulaumiwa romu wakati kosa ni kumbukumbu ya chini, ile RAM ya chipu nane za 4116. Hizo zinataka umeme wa aina tatu: pima pini ya 1 upate hasi 5, pini ya 8 upate 12, pini ya 9 upate 5, huku waya mweusi wa mita ukiwa pini ya 16. Ikikosekana ile hasi 5, chipu hupata moto na kufa moja baada ya nyingine, na romu mpya haitasaidia kitu. Hapa ndipo romu ya uchunguzi inapoonyesha thamani yake. Ni programu inayochomwa na kuwekwa mahali pa romu ya kawaida, ikapima kumbukumbu na kuonyesha kwa rangi za pembeni mwa kioo ni chipu ipi mbovu. Tunashauri iwe chipu ya kwanza kuchomwa na kila mwenye T48.

Chipu ya kununua

Kwa kazi ya kila siku acha EPROM za dirisha. Nunua W27C512 ya Winbond. Ina kilobaiti 64, imepangwa miguu kama 27C512, na inafutwa kwa umeme ndani ya kichomeo chenyewe, kwa volti 14, bila taa wala kusubiri. Spidi yake, nanosekunde 45 au 70, inaizidi mbali romu ya zamani. Hitilafu iko kwenye soko. Chipu nyingi zinazouzwa mtandaoni zimeng'olewa kwenye mbao chakavu, zikasuguliwa juu na kuandikwa upya, na ndani inaweza kuwa nyingine kabisa. T48 inasaidia hapa kwa kile kile tulichokizima mwanzo: kwa chipu hizi acha ukaguzi wa kitambulisho ukiwa umewashwa. W27C512 halisi hujibu DA 08. Ikijibu namba nyingine, weka pembeni, usilazimishe. Ukihitaji nne, agiza kumi, maana kuirudisha moja mbovu kutoka Tanga ni gharama kuliko chipu yenyewe.

Kuna pia AT28C256, isiyohitaji volti kubwa kabisa, lakini ina mtego wake: mguu wa 1 ni A14 na mguu wa 27 ni wa kuandikia, wakati kwenye 27256 mguu wa 1 ni wa volti ya kuchomea na wa 27 ndio A14. Kwenye soketi ya kilobaiti 16 inafanya kazi vizuri, mradi ule mguu wa 27 ushikwe kwenye volti 5. Ukiachwa unaning'inia, kompyuta inaweza kuiandikia takataka romu yako huku ikiendelea kuwaka.

Spectrum inahitaji kilobaiti 16 tu na W27C512 ina 64, kwa hiyo faili lazima lijazwe. Njia salama ni kulirudia mara nne. Kwenye Windows andika copy /b 48.rom+48.rom+48.rom+48.rom nne.bin, na matokeo yawe baiti 65536 kamili. Kwa namna hiyo haijalishi miguu ya anwani za juu, wa 1 na wa 27, imeungwa kwenye volti 5 au ardhini. Jambo lisiloruhusiwa ni kuiacha haijaungwa popote. Pima soketi kwa mita. Kama haipati kitu, ikunje miguu hiyo miwili ya chipu nje ya soketi na uiunge kwa waya mwembamba kwenda mguu wa 28. Kwenye mbao nyingi za Spectrum kuna pia viungo vya waya vilivyoandikwa H na N karibu na romu, kwa ajili ya romu za Hitachi na za NEC. Chipu nzuri isiposomwa kabisa, hapo ndipo pa kutazama.

Badala ya nakala nne za kitu kimoja, unaweza kuweka vitu vinne: romu ya asili, ya uchunguzi, na mbili ulizozibadili. Swichi mbili ndogo, kila moja ikipeleka mguu mmoja ardhini, na rezista ya kilo-omu 4.7 au 10 kutoka mguu huo kwenda volti 5. Swichi isiguswe mashine ikiwa imewashwa.

Kompyuta iseme Kiswahili

Sehemu hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Ujumbe wote 28 wa Spectrum, kuanzia 0 mpaka R, umepangwa kuanzia anwani 1391 kwa heksa, na kwa kuwa romu huanza sifuri, anwani ndiyo nafasi ndani ya faili. Fungua faili kwenye kihariri cha heksa na maneno utayaona kwa macho. Kanuni ni moja: herufi ya mwisho ya kila ujumbe imeongezewa 80 ya heksa. Hiyo ndiyo alama ya "hapa ndio mwisho", na romu huutafuta ujumbe kwa kuzihesabu alama hizo. Ukiisahau moja, jumbe mbili zitaungana na zote zinazofuata zitasogea nafasi moja, kosa la kaseti likaitwa jina la jirani yake.

Rahisi zaidi ni kutafuta maneno yenye urefu uleule, na Kiswahili kimekubali kwa ukarimu. "Out of memory" ina nafasi 13. "Hakuna nafasi" ina 13. "Nonsense in BASIC" ina 17. "Sielewi amri hiyo" ina 17. "Tape loading error" ina 18. "Kaseti haikusomeka" ina 18. Baiti ya mwisho ya kila moja ni E9, EF na E1 kwa mfuatano huo. Choma, washa, ivuruge kaseti katikati ya kupakia, na kioo kitaandika R Kaseti haikusomeka. Mtoto aliyezaliwa Chumbageni ataelewa mashine inalalamikia nini bila mkalimani.

Kiswahili hakihitaji herufi yoyote ya ziada, hata ng' ina kila kitu chake tayari, kwa hiyo jedwali la herufi si lazima liguswe. Anayetaka kuzirembesha atalikuta kuanzia 3D00 hadi 3FFF: herufi 96, baiti 8 kila moja. Na kuanzia 386E hadi 3CFF kuna baiti 1170 zilizoachwa FF, uwanja mtupu wa kuweka kipande chako cha programu. Mstari wa hakimiliki, ulio 1539, uache ulivyo. Amstrad, waliolinunua jina la Sinclair mwaka 1986, waliruhusu mwaka 1999 romu hizo zisambazwe pamoja na programu za kuigiza Spectrum kwa sharti kwamba mstari huo usibadilishwe, na kuheshimu sharti hilo kwenye chipu ya nyumbani ni adabu.

Kwenye Commodore 64 mambo yanaanzia kwenye miguu. BASIC na KERNAL za ubao wa zamani ziko kwenye romu za 2364 zenye pini 24, na EPROM ya kilobaiti 8 ina pini 28, kwa hiyo lazima kuwe na soketi ya kati. Unaweza kuitengeneza. EPROM ikiwa imekaa chini ikilingana upande wa ardhi, mguu wake wa 23 upelekwe soketi ya ubao pini 18, mguu wa 2 uende pini 21, miguu 20 na 22 iunganishwe pamoja na kwenda pini 20, na miguu 1, 27 na 28 iende pini 24, yaani volti 5. Miguu mingine inashuka moja kwa moja, isipokuwa 26, ambayo kwenye 2764 haina kazi. Ukitumia W27C512 badala yake, miguu 26, 27 na 1 inakuwa anwani A13, A14 na A15, na swichi tatu zinakupa KERNAL nane ndani ya chipu moja. Wenye C64C (C64 ya baadaye) ya ubao mfupi wamerahisishiwa: BASIC na KERNAL zimo pamoja kwenye 251913-01 ya pini 28, inayokubali 27128 bila soketi ya kati, BASIC nusu ya kwanza na KERNAL nusu ya pili.

Mabadiliko madogo ya KERNAL yanafanyika kwa baiti tatu. Faili linaanza E000, hivyo rangi ya pembeni iko nafasi 0CD9, ya mandhari 0CDA, na ya maandishi 0535. Za asili ni 0E, 06 na 0E. Weka 00, 00 na 05 upate maandishi ya kijani juu ya weusi. C64 haihakiki jumla ya romu yake inapowaka, kwa hiyo itakubali. Mashine ya diski ya Commodore, 1541, inahakiki: ukibadilisha baiti moja bila kusahihisha jumla, taa yake itapepesa na haitafanya kazi. JiffyDOS, inayobadilisha romu ya kompyuta na ya diski ili kuharakisha upakiaji, inauzwa kihalali hadi leo, inunuliwe. Ila inaondoa utumiaji wa kaseti, na mwenye kaseti nyingi aiweke nyuma ya swichi, KERNAL ya asili ikiwa upande wa pili.

Kompyuta ya BBC Micro haihitaji maneno mengi: watengenezaji wake, Acorn, walimwachia mtumiaji soketi za romu makusudi, kilobaiti 16 kila moja, na chipu inachomekwa tu. Kompyuta ya Amiga ni kazi nyingine, chipu za biti 16, na faili lazima ligeuzwe baiti kwa jozi kabla ya kuchoma.

Jua, chumvi na umeme

Mwenye EPROM za dirisha atahitaji kuzifuta. Taa inayofaa ni ya nanomita 254, ileile aina ya mirija ya kuulia vijidudu kwenye maji, kwa umbali wa sentimita 2.5 na dakika 15 hadi 20. Ifungiwe ndani ya boksi. Mwanga huo unaumiza macho bila mtu kuhisi. Taa za kukaushia rangi za kucha saluni hazifai, mawimbi yake ni marefu mno. Karatasi za watengenezaji zinasema jua la moja kwa moja hufuta kwa takriban wiki moja, na jua la Tanga halina upungufu, ila chipu isiwe nyuma ya kioo cha dirisha la nyumba. Jua hilohilo ndilo sababu ya kubandika mkanda wa aluminiamu juu ya dirisha la chipu mara tu inapohakikiwa. Hata taa ya chumba huifuta, kwa miaka.

Hewa ya bahari ni adui wa soketi. Nyumba za Raskazone na zote zilizo karibu na maji hupata utando wa chumvi juu ya shaba, na masika huuongeza. Soketi za kiwandani za miaka ya 1980 zina ulimi mmoja tu wa kugusa mguu. Ukiziona nyeusi, zitoe na uweke zenye pini za duara. Wakati wa kuitoa romu iliyochomelewa, ongeza kwanza risasi mpya juu ya ile ya zamani, kisha inyonye. Miguu ya ardhi na ya volti 5 huwa migumu kwa sababu shaba yake pana inavuta joto. Usivute mpaka kila mguu utikisike, maana njia za shaba za Spectrum hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Kama chipu imekwisha kufa, kata miguu na uitoe mmoja mmoja, ubao ndio wa kuokolewa.

Kuhusu umeme, T48 itumike na laptopu yenye betri. Programu yake, Xgpro, kila ikipata toleo jipya huomba kuandika upya programu ya ndani ya kichomeo, na umeme ukikatika katikati ya hapo unaweza kubaki na kisanduku kisichojibu. Usipitishe waya kwenye kigawanyaji cha USB cha bei rahisi. Volti 25 inatengenezwa kutoka zile 5, na 5 ikishuka, uandishi unakwama njiani.

Xgpro yenyewe ndiyo sehemu dhaifu ya bidhaa hii. Ni ya Windows tu, vitufe vimerundikana, na Kiingereza chake kinahitaji kukisiwa. Tofauti ya 2764 na 2764A, ambayo inaua chipu, imekaa kwenye orodha ndefu bila onyo lolote. Watumiaji wa Linux wana programu huria ya minipro, ambayo matoleo yake mapya yanaitambua T48: minipro -p W27C512@DIP28 -w nne.bin inafuta, inaandika na kuhakiki kwa amri moja. Sisi tunaiona safi kuliko ya mtengenezaji.

Kizuri ambacho wengi hawakitarajii ni upimaji wa chipu za mantiki. T48 inapima familia ya 74 na 4000, na 74LS157 mbili zinazohudumia kumbukumbu ya chini ya Spectrum ni wagonjwa wa kawaida. Dakika moja kwenye soketi inakuokoa na kubahatisha.

Mwenye Commodore moja, anayetaka kuchoma W27C512 tu, hahitaji T48. TL866II Plus iliyotumika inafika volti 14 bila shida. Mwenye chipu za zamani, au anayewachomea na wenzake, anunue T48. Alama tunazoipa ni 8 kwa 10, na mbili zilizokatwa ni za Xgpro.

Romu ya asili ukishaitoa, ichomeke kwenye sponji nyeusi ya kuzuia umeme tuli, si sponji ya godoro, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu, na juu ya kopo andika namba ya mashine ilikotoka na ile CRC32 uliyoipata.